Majina Mawili, Stringi Moja

Barua za kuuliza namna ya kuweka Python kwenye kompyuta nimeziacha. Najibu zinazonikera, kwa kuwa makosa yake yanaharibu hesabu za watu.

Nimeandika `leo = jana`. Nikiongeza sangara kwenye orodha ya leo, ya jana nayo inaongezeka. Python ina hitilafu? (Wasomaji wa Ilemela, Sengerema na Nansio wameuliza jambo hilihili.)

Haina. Alama ya `=` hainakili chochote; inakipa kitu kilichopo jina jingine. Useme Mwanza au useme Jiji la Miamba, mji ni uleule, hujajenga wa pili. Ukitaka nakala, iombe: `leo = jana.copy()`. Na kama ndani ya orodha kuna orodha nyingine, tuseme kila mtumbwi na kilo zake, `copy` hunakili ya nje tu, za ndani hubaki za pamoja. Hapo tumia `copy.deepcopy`. Orodha hizi ndizo malipo ya mvuvi. Aliyeshusha dagaa Mwaloni Kirumba alfajiri asipunjwe kwa sababu wewe hukuielewa alama moja.

Mbona stringi haina shida hiyo? Tumefundishwa kwamba stringi hunakiliwa, orodha hainakiliwi.

Mmefundishwa uongo, na huu ndio unaonichosha kuliko wote. Stringi nayo hainakiliwi. Andika `a = "sato"`, kisha `b = a`: majina mawili, stringi moja. Tofauti ni kwamba stringi ya Python ikishaundwa haibadiliki. Ukiandika `b += " mbichi"`, ile "sato" haiguswi; inaundwa stringi mpya na jina `b` linahamia huko. `a` bado ni "sato". Kwa macho inaonekana kama nakala, ndiyo maana uongo huu haufi. Hata `a[:]`, katika CPython tunayoitumia wengi, hurudisha stringi ileile. Kisichoweza kubadilishwa kinakiliwe cha nini?

Nimetumia `jina.replace("Mwnza", "Mwanza")`, kosa bado lipo.

Andika `jina = jina.replace("Mwnza", "Mwanza")`.

Katika Java, majina mawili yenye herufi zilezile yanaambiwa si sawa.

Kwa stringi, `==` huuliza kama ni kitu kimoja, si kama herufi zinafanana. Tumia `equals`. Anayesema "kwangu inakubali" amejaribu maneno aliyoyaandika ndani ya programu, ambayo Java huyatunza pamoja. Stringi iliyosomwa kutoka kwenye faili ni kitu kingine.

Na C?

Nakala ni jukumu lako. "Mwanza" ina herufi 6 na inahitaji baiti 7. Sifuri ya mwisho wengi huisahau.

Ripoti ya mauzo inachelewa mno. Fundi anasema ninunue RAM.

Fundi huyo amefungua programu yako? Kuunganisha stringi kwa `+=` ndani ya kitanzi kunaweza kunakili upya maandishi yote kila mzunguko. Kusanya mistari kwenye orodha, kisha iunganishe mara moja kwa `join`. Jaribu hilo kabla hujampa fundi hata shilingi.