KUMRAHISISHIA MTEJA: SOMO KWA MASHIRIKA NA MAKAMPUNI

Katika miamala ya biashara, huduma nzuri imezoeleka kufahamika kuwa ni uso mkunjufu na maneno laini. Hayo ni mema. Lakini mteja aliyepokewa kwa bashasha kisha akaambiwa arudi kesho, huyo hakuhudumiwa, amekaribishwa tu. Somo hili linahusu jambo jengine, nalo ni idadi ya hatua, siku na nauli anazozitumia mteja hadi kulimaliza jambo lake, na njia ambazo kampuni inaweza kuzipunguza.

Kampuni itakayo kujipima na ianze na mteja aliye mbali, si aliye jirani. Achukuliwe mkaazi wa Tumbatu anayetaka kubadilisha jina katika hati ya malipo ya nyumba aliyoirithi. Huvuka kwa chombo hadi Mkokotoni, hupanda gari hadi mjini, akafika dirishani jua limekwishapanda. Akiambiwa hapo kuwa picha mbili zinahitajika, au kuwa barua ya sheha haina muhuri, siku yake imekwisha. Karani amefuata taratibu, na muda alioutumia haufiki dakika 5. Mteja amepoteza nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kazi ya siku nzima. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote la kampuni, na ndiyo sababu wakuu hawaioni.

Tiba yake ni nyepesi. Utolewe waraka mmoja, kwa Kiswahili kinachofahamika, unaotaja kila kinachotakiwa, bei yake na mahali pa kulipia. Ubandikwe kwa masheha na usomwe redioni. Sharti la bei kujulikana kabla ya mkataba si geni Visiwani, kwani wanafunzi wa fikihi hulisoma mapema katika mlango wa biashara. La kustaajabisha ni kwamba bado zipo kaunta ambazo bei hukaa kinywani mwa karani tu.

Foleni nayo ina elimu yake, na hapa wakuu wengi hupotea kwa hesabu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 utafiti wake wa kwanza juu ya simu zinazoingia bila ya mpangilio, na elimu ya foleni ikajengwa juu ya msingi huo. Lichukuliwe dirisha lenye karani mmoja, wateja wanakuja bila ya miadi, baadhi yao wana shughuli fupi na wengine ndefu, na wastani wa kila mmoja ni dakika 5. Karani akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, mteja hungoja wastani wa dakika 20. Akiwa na kazi asilimia 90, kungoja hufikia dakika 45. Na kwa asilimia 95, dakika 95. Basi mkuu anayejisifu kwamba makarani wake hawapati hata nafasi ya kupumua, anajisifu kwa urefu wa foleni iliyo nje. Aidha, madirisha matatu yenye foleni moja ni bora kuliko madirisha hayo hayo yenye foleni tatu, kwa kuwa katika foleni tatu mtu mmoja mwenye shughuli ndefu huwazuia wote walio nyuma yake, hali dirisha la jirani huenda li tupu. Kwa mabadiliko haya haihitajiki hata shilingi moja ya bajeti, ila kamba na vigingi.

Mfano wa miaka ya karibuni wenye mafunzo mengi ni wa mita za umeme wa kulipia kabla. Mita hizo, zinazofuata utaratibu mmoja wa kimataifa, hupokea namba ya tarakimu 20, na ndani ya namba hiyo hufichwa wakati wa manunuzi, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi ya kuhesabia ina ukomo wa dakika 16,777,216, ambazo zilitimia tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikurekebishwa hadi siku hiyo isingepokea tena umeme mpya. Tatizo lilikuwa la mitambo, lakini tiba yake iliwekwa mikononi mwa mteja. Tanzania Bara, kama katika nchi nyingine, mteja aliponunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kurekebisha mita, na la tatu la umeme wenyewe, nayo yalipaswa kuingizwa kwa mpangilio.

Hizo ni tarakimu 60. Kwa kijana mwenye simu ya kisasa si kitu. Kwa bibi kizee anayesomewa ujumbe na mjukuu, mbele ya mita iliyotundikwa juu karibu na dari, ni kazi nzito, na akikosea tarakimu moja hukaa kizani akidhani kuwa ameibiwa. Kampuni yoyote inayolazimika kumpa mteja kazi ya namna hii inapaswa kuuandika ujumbe wake kwa kuanza na agizo: ingiza namba ya kwanza, utaona alama hii, kisha ingiza ya pili, ukikwama, piga simu namba hii. Sababu za kitaalamu zije mwisho. Ujumbe unaoanza kwa sababu na kumaliza kwa agizo huachwa katikati. Kadhalika tangazo litolewe miezi kadhaa kabla, na mafundi wapelekwe kwa wale wasioweza, bila ya kungoja waje kulalamika.

Kinyume chake ni huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Ndani yake mlikuwa na wakala wa dukani, hatua chache, na ujumbe wa uthibitisho unaobaki katika simu mfano wa risiti. Mteja hakulazimika kutegemea kauli ya mtu.

Nchini Uingereza, mwaka 1991, serikali ya Waziri Mkuu John Major ilitangaza Mkataba wa Raia, uliozitaka taasisi za umma kuweka wazi viwango vya huduma zao. Wazo hilo likaenea, na mikataba ya huduma kwa mteja imebandikwa katika kuta za afisi nyingi za Tanzania. Kasoro yake ni maneno yasiyopimika, kama vile “kwa wakati muafaka”. Mteja hawezi kudai wakati muafaka. Anaweza kudai siku 7 za kazi tangu alipolipa. Zanzibar nayo ilitunga mwaka 2018 sheria ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, kwa hiyo ahadi ya kampuni isichukuliwe kuwa ni pambo la ukutani.

Lililobaki ni malalamiko. Daftari lake liwekwe juu ya kaunta, si katika kabati la mkuu. Kila lalamiko lipewe namba na tarehe, na mteja aondoke na namba hiyo kwa maandishi. Asiyejua kuandika aandikiwe na karani, kisha asomewe yaliyoandikwa kabla ya kuweka dole gumba. Mkuu alisome daftari mwenyewe kila wiki, na lalamiko lililojirudia mara tatu kwa makarani watatu tofauti lihesabiwe kuwa ni kosa la utaratibu. Karani asiadhibiwe kwa hilo, bali fomu ndiyo ibadilishwe.