SOMO LA KOMPYUTA: Kuweka Upya Programu Endeshi na Kurudisha Faili



Mwaka 1991, vita vilipofika Kismayu na visiwani, watu wengi wa Chula walikimbilia Kenya kwa mashua. Aliyeacha cheti nyumbani bila nakala alikosa cha kuonyesha. Leo familia nyingi huweka picha za vyeti, kadi na barua ndani ya kompyuta, lakini kompyuta nayo huharibika.

Programu endeshi ni programu kuu inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Huwekwa upya ikiharibiwa na virusi au kwa stima kukatika ghafla, au ikishapitwa na wakati. Kwa mfano, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi kuukuu hazikubali Windows 11, ila nyingi zaweza kutumia Ubuntu, ambayo haina malipo.

ONYO: Kazi hii yaweza kufuta kila kitu kilichomo. Fuata hatua hizi kwa mpango.

1. Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Ikiwa kompyuta haiwaki vizuri, iwashe kwa flashi yenye Ubuntu, uchague kuijaribu bila kuiweka, kisha unakili faili.

2. Kagua nakala. Fungua faili kadhaa kwenye kompyuta nyingine. Kuona jina la faili hakutoshi. Lazima ifunguke na isomeke.

3. Tayarisha flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, kwa kuwa itafutwa. Chukua programu kutoka kwa watengenezaji wenyewe.

4. Chomoa diski yenye nakala. Wengi hufuta diski isiyo yake kwa kukosa kufanya hivi.

5. Hakikisha stima ipo au betri imejaa. Washa kompyuta kwa flashi (mara nyingi kwa kubonyeza F12, F9 au Esc), kisha fuata maelekezo hadi mwisho.

6. Pata masasisho ya programu, kisha chomeka diski ya nakala na uikague kama ina virusi. Nakili faili kurudi kwenye kompyuta. Usizihamishe, ili nakala ibaki. Programu nyingine, kama ya kuandikia, huwekwa upya moja moja.

KUMBUKA: Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja mbali na nyumbani, kwa jamaa unayemwamini. Faili za siri zifungwe kwa neno la siri. Kambi za Mombasa, kama Jomvu, zilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na watu wakahama tena. Nakala iliyo mahali pengine haipotei pamoja na mzigo wako.

Tafadhali msomee na jirani asiyejua kusoma.