Mkono wa Mpira Haulii

Ndugu msomaji, hapa Kaptembwo ni nani asiyejua kuwekewa dripu? Mtoto akihara na kutapika sana, maji hukauka mwilini na mishipa hunywea. Muuguzi akiukosa mshipa, sindano inarudiwa. Sasa swali ni hili: yule anayejifunza kudunga, ajifunzie juu ya nani?

Jibu ni sanamu. Mwaka 1960 Asmund Laerdal, mtengenezaji wa wanasesere kutoka Norwe, alitoa sanamu ya kufundishia kumpulizia hewa mtu aliyezimia. Mkono wa kudungia unafuata wazo lilo hilo: ngozi ni ya mpira, ndani mna vijibomba, na ndani yake maji mekundu.

Mazoezi yenyewe ni haya:

1. Funga kamba ya mpira juu ya pale utakapodunga, ili mshipa ujae.
2. Papasa kwa kidole. Usiamini macho peke yake.
3. Pangusa kwa spiriti, uache pakauke, kisha usipaguse tena.
4. Dunga ukiwa umeilaza kanula, nyuzi 10 hadi 30. Ukiisimamisha utatoboa mshipa upande wa pili.
5. "Damu" ikionekana, ilaze zaidi, sukuma kijibomba cha plastiki kiingie, fungua kamba, ndipo uchomoe sindano.

Hata vifaa vina mtego. Kanula namba 24, ya manjano, ni nyembamba kuliko namba 18, ya kijani. Kumbe namba ikipanda, unene unashuka!

Lakini mimi naona mkono wa mpira una upungufu. Hauogopi, hausogei, wala hauna mama anayeutazama kwa wasiwasi. Ndiyo maana walimu wengine huulaza kando ya mwanafunzi anayejifanya mgonjwa. Yeye huuliza, "Sista, itauma?" Mwenzake lazima ajibu ukweli na aombe ruhusa kabla ya kudunga. Hata akifuzu hapo, mgonjwa wake wa kwanza atamdunga akisimamiwa.

Wenzangu mnaotamani kusomea uuguzi, KMTC wana tawi papa hapa Nakuru. Mkipewa mkono wa mpira msiuone mchezo wa watoto. Udungeni mara hamsini, haulii. Mtoto wa jirani akidungwa mara mbili tu, ploti nzima inasikia. Mwanzo kokochi, mwisho nazi.