Msanii Amenenepa, Basi Amepona?

KIJANA: Shangazi, pale kwenye foleni ya malori tumebishana tangu asubuhi. Wenzangu wanasema mwimbaji Ray C alitibiwa uraibu wa unga, akanenepa, mwaka 2012 akaenda Ikulu kumshukuru Rais Kikwete, mambo yakaisha. Rapa Chid Benz naye mwaka 2016 kapelekwa soba, nyumba ya kuachia unga, huko Bagamoyo, zikaja habari kwamba karudia. Kwa hiyo mmoja alikuwa na nia, mwenzake hana. Si ndivyo?

SHANGAZI: Sivyo, na hilo neno "hana nia" ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kwamba unga ni heroini na heroini inamkamata mtu, hayo unayajua, tusipoteze muda. Ninachotaka ukielewe ni jinsi mwili unavyozoea. Ndani ya ubongo mna vipokezi ambavyo mwili wenyewe huvitumia kutuliza maumivu. Heroini ikifika huko hugeuka mofini, ikavikalia kwa nguvu ambayo mwili haukuizoea. Ikija kila siku, vipokezi hufifia. Kete iliyotosha mwezi uliopita leo haitoshi. Na si raha peke yake inayofifia. Sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi nayo huzoea, ndiyo maana teja wa siku nyingi hubwia kiasi ambacho wewe kingekuua hapo hapo, naye akainuka akaenda zake. Unga ukikatika, mwili uliokuwa umejipanga kuukabili unabaki unapigana na kitu kisichokuwepo: jasho, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Hiyo ndiyo arosto.

KIJANA: Lakini arosto ina mwisho, shangazi. Wiki moja hivi, mtu anaanza kula, ananawiri. Akishafika hapo si amesafishika?

SHANGAZI: Hapo hapo ndipo mnapopotea, nisikilize vizuri. Mazoea ya mwili huondoka upesi, lakini kumbukumbu haiondoki nayo. Mtu akikaa soba miezi mitatu bila kugusa kitu, pumzi zake zinakaribia kuwa za mtu asiyewahi kuonja unga. Ubongo wake, hata hivyo, bado unakijua kijiwe, unamjua rafiki, unaijua harufu ya moshi na siku ya malipo. Akirudi mtaani vitu hivyo vinamwamsha hamu kabla hajapata muda wa kufikiri. Akishindwa siku moja tu, atanunua kipimo kile kile cha zamani, maana ndicho anachokijua, na kipimo hicho sasa kinaingia katika mwili ambao hauna mazoea nacho tena. Pumzi inasimama. Narudia, kwa sababu mnasikia na kusahau: kipimo ni cha zamani, mwili ni mpya. Wataalamu waliowafuatilia watu waliotoka magerezani na kwenye vituo vya tiba katika nchi nyingi wameona kuwa wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kubwa kabisa ya kifo. Na wiki hizo ndizo ambazo nyumbani wanachinja kuku na magazeti yanapiga picha ya msanii aliyenenepa! Kunenepa kunaonyesha kwamba anakula. Kuhusu hamu, picha haisemi lolote. Tena kuna dhambi katika biashara hiyo ya picha: mgonjwa anauzwa mara mbili, kwanza akiwa amekonda ili watu washangae, kisha akinawiri ili washangilie, na akianguka anauzwa mara ya tatu. Mgonjwa wa sukari hapigwi picha kila sukari inapopanda.

KIJANA: Sawa, lakini methadoni wanayopewa si ni unga wa serikali? Mtu anabadilisha dawa moja kwa nyingine, halafu anasema ameacha.

SHANGAZI: Nilijua utafika huko, wote hufika huko. Methadoni nayo hukaa kwenye vipokezi vile vile, sikatai. Tofauti iko katika mwendo. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, hivyo teja anapanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, na kila akishuka anaiba au anajiuza. Methadoni hunywewa kwa mdomo, hupanda polepole, na hudumu zaidi ya siku nzima, ikizuia arosto bila ule mlipuko wa raha. Na sasa rudi kwenye nilichosema: kwa kuwa vipokezi haviachwi vitupu, mazoea ya mwili hayaondoki yote, na akiteleza siku moja hatari ya pumzi kusimama ni ndogo kuliko kwa yule aliyetoka soba mkavu. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha mikoani hadi Mbeya. Ray C mwenyewe alipita kwenye dawa hiyo, lakini wanaosimulia habari zake hutaja Ikulu na kuiruka kliniki. Udhaifu wa methadoni ninaouona uko kwingine: kwa muda mrefu mgonjwa hutakiwa kufika kila siku na kumeza mbele ya muuguzi. Dereva anayevuka mpaka hapa kwenda Lusaka au Lubumbashi atafikaje kila siku? Hilo ndilo la kubishania kwenye foleni, siyo nia ya Chid Benz.

KIJANA: Mbona wapo walioacha kwa maombi tu, bila dawa yoyote?

SHANGAZI: Wapo, na namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini unaowasikia wakitoa ushuhuda ni waliobaki hai. Waliojaribu njia hiyo hiyo wakafa wiki ya tatu hawashiki maikrofoni. Ombeni, na mgonjwa mpeni dawa.

KIJANA: Basi utingo wetu akirudi kutoka soba, sisi tufanyeje?

SHANGAZI: Msimpe hela zote mkononi siku ya kwanza, na asilale peke yake. Mwambieni waziwazi kwamba kipimo cha zamani kitamuua. Kukaa kimya hakumlindi. Mkimkuta amezimia, midomo imebadilika rangi na anapumua kwa mbali, msimmiminie maziwa wala maji ya chumvi mdomoni. Mlazeni ubavu, pumzi ikikatika mpulizieni mdomo kwa mdomo, na mkimbizeni hospitali mkitaja unga kwa jina lake, bila kumwogopa polisi wala baba yake.