Usiulize namba ya siti, uliza basi

Siti namba 6 ndiyo niliyomkatia mama. Naijua vizuri. Kila mwezi natoka Mpanda na madumu ya asali ya Inyonga, mara nashukia Tabora, mara Mbeya, na kwa miaka yote hiyo hakuna siti ambayo sijaikalia. Kwenye basi la viti viwili kwa viwili, 5 ni ya dirishani na 6 ni ya koridoni, mstari wa pili kushoto. Goti la kulia la mama halikunjiki sawasawa tangu alipoanguka shambani. Akikaa 6, mguu ule anaunyoosha kwenye korido na anafika salama. Tulikuwa na miadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kwa hiyo tiketi nilikata siku tano kabla, siti nikaichagua mwenyewe kwenye simu, nikalipa nauli ya daraja la kati.

Alfajiri pale stendi likaja basi jingine. Rangi ileile, jina lilelile ubavuni, ila ndani viti viwili kushoto na vitatu kulia. Hakuna aliyetupigia simu wala kututumia ujumbe. Nikamwambia konda kwamba mama amebadilishiwa siti. Akaipokea tiketi, akaimulika kwa tochi ya simu, kisha akagonga kidole kwenye namba iliyobandikwa juu ya kiti. "Dada, sita si hii hapa? Mpandishe mama tuondoke."

Na kweli ilikuwa 6. Mstari ukiwa na viti vitano badala ya vinne, 6 inakuwa kiti cha kwanza cha mstari wa pili, yaani dirishani. Namba haikuguswa, kiti ndicho kilichohama. Ndiyo maana konda hakuona kosa, nami nikakosa neno la kumjibu. Watu nyuma yangu walikuwa wanasukuma, mzigo wetu ulikuwa tayari kwenye buti, nikapanda.

Binti aliyekuwa na namba 7 alikubali kubadilishana na mama bila kuombwa mara mbili. Lakini korido ya basi la tatu kwa mbili ni nyembamba, na kabla hatujafika Sitalike ilikuwa na vigoda vya abiria wa njiani. Ndani ya Hifadhi ya Katavi madirisha yakafungwa kwa sababu ya mbung'o, joto likapanda, watu wakaanza kusogea huku na huku. Kila aliyepita alisema "samahani bibi" goti likiwa limeshagongwa. Mama yangu ana desturi ya kutaja vijiji tukiwa safarini, nani alioa wapi, nani alihamia lini. Tulipopita Kizi akanyamaza. Chala tukaipita, hakusema kitu. Sumbawanga tulishuka, goti limevimba kama papai, tukalala hapo, na tulipofika Mbeya miadi ilikuwa imeshatupita.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ya kukata tiketi, na nawaandikia hasa ninyi mnaosafiri na mgonjwa, mjamzito au mzee.

Jambo kubwa kuliko yote ni simu ya usiku wa kuamkia safari. Usimpigie karani ukamuuliza kama siti yako ipo. Atakwambia ipo, na wala hatakuwa anakudanganya. Muulize, "Gari la kesho ni lile la mbili kwa mbili? Limeshaingia?" Basi litakalokuondoa Mpanda asubuhi mara nyingi ndilo lililopanda kutoka Mbeya au Tabora siku iliyotangulia. Likiharibika njiani, hapo ndipo linapotafutwa la akiba, na la akiba ni lolote lililopo. Kwa hiyo piga usiku, muda ambao basi limeshafika au limeshajulikana kwamba halifiki. Ukipiga mchana, karani naye hajui.

La pili, unapokata tiketi taja sababu. Mimi sasa namwambia karani aandike kwenye orodha yake: mama mzee, goti la kulia, koridoni upande wa kushoto, mbele. Basi likibadilishwa namba zinapangwa upya na mtu asiyekufahamu. Akiikuta sababu, ana kitu cha kumwongoza. Akikuta 6 tupu, ataweka 6.

Asubuhi, usipakie mzigo kabla hujachungulia ndani. Gunia likishaingia buti huna nguvu tena, nalisema hili kwa uchungu. Kama basi si lile, nenda dirishani kwa karani. Konda usimsumbue, naye amekabidhiwa gari tu. Omba siti inayofanana na uliyolipia, au safari ya siku nyingine, au hela yako. Na kama ulilipa daraja la kati ukaletewa la kawaida, dai tofauti ya nauli hata ukiamua kusafiri. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inapanga ukomo wa nauli kwa kila daraja peke yake, na ukomo wa daraja la kawaida uko chini. Piga picha tiketi, namba za gari na mpangilio wa viti. Mimi nilipiga, na tulipotoka Mbeya nilizipeleka picha hizo kwenye ofisi ya kampuni ya basi, na tofauti ikarudishwa. Wangekataa, ningekwenda LATRA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ambalo kazi yake ni kumsemea abiria.

Dada yangu, ambaye biashara yake inampandisha ndege kila mara, aliponisikia alisema kwao ni hivyohivyo. Shirika moja lilimhamisha kutoka koridoni mbele hadi katikati nyuma, na alijua mlangoni alipokabidhiwa karatasi ya kupandia. Ndege ilikuwa imebadilishwa. Fikiria: pangaboi aina ya Dash 8-400 za Air Tanzania zina viti 76, Airbus A220 zao zina 132. Ndege moja ikishika nafasi ya nyingine, mfumo unawapanga watu wote upya. Mashirika mengi huandika kwenye masharti yao kwamba siti maalumu haina uhakika, ila kama uliilipia pembeni, ile ada unaweza kuidai. Dada hufungua tiketi yake mtandaoni kila baada ya siku chache na kuangalia aina ya ndege. Ikibadilika, anapiga simu siku hiyohiyo, siti nzuri zikiwa bado zipo. Upande wa anga nako kuna baraza la watumiaji, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwenye ndege ndogo kabisa, zile zinazotua viwanja vya hifadhini, usibishane: rubani huwakalisha watu kwa kuangalia uzito, na hilo ni la usalama wenu.

Siku ya kurudi kutoka Mbeya nilipiga simu saa mbili usiku. Karani akakaa kimya kidogo, nikasikia anapekua karatasi. "Dada, la kesho ni la tatu kwa mbili. Lile jingine liko gereji, linatoka keshokutwa." Nikamwomba atuhamishie keshokutwa, akatuhamisha bila kutudai kitu. Mama alikaa 6, mguu umenyooka. Tulipoikaribia Chala akanigusa bega, akaanza kunisimulia habari za binamu yake aliyeolewa hapo.