Elfu Tano kwa Mwezi: Baada ya Sarafu za Mfukoni, Zipi Zifuate?

Tangu wenzangu wajue nakusanya sarafu, swali lao limebadilika. Zamani waliuliza "za nini hizo?" Siku hizi wanaouliza wameshaanza wenyewe, wamepata zile za mfukoni, na wanataka kujua waende wapi baada ya hapo. Wote wana sharti moja: boom haliongezeki. Nitajibu kwa bajeti yangu mwenyewe, yaani elfu tano kwa mwezi. Mwezi ambao boom limechelewa, bajeti ni sifuri.

Za mfukoni ni hizi nne tunazorudishiwa chenji kila siku. Hamsini ina faru na mtoto wake, mia ina swala wanne, mia mbili ina simba, na mia tano, iliyotoka mwaka 2014, ina nyati. Upande wa pili utawakuta marais: Mwinyi kwenye hamsini, Nyerere kwenye mia, Karume kwenye mia mbili na kwenye jero. Seti nzima ni shilingi 850, na ukikwama unaila. Hakuna seti nyingine duniani nitakayokushauri ambayo unaweza kuipeleka kwa mama ntilie ikakubaliwa.

Ukishamaliza hapo ndipo vishawishi vinapoanza, na kishawishi cha kwanza huwa Mjerumani.

Sikatai, sarafu zake zina utamu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa na rupia zake mwaka 1890. Serikali ya kikoloni ilipochukua jambo hilo mwaka 1904, rupia moja ikagawanywa kuwa heller mia badala ya pesa 64. Tamka "heller" kwa ulimi wa hapa kwetu utapata neno unalolitamka kila siku ukiomba kukopeshwa: hela. Zipo heller zenye tundu katikati, na zipo zile za mwaka 1916 zilizotengenezwa Tabora wakati wa Vita ya Kwanza, baada ya Waingereza kuziba njia ya baharini. Zilipigwa kwenye karakana ya reli, na zina herufi T ya Tabora. Huko huko ikatengenezwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Hiyo mimi na wewe tutaiona kwenye picha tu.

Tatizo la Mjerumani ni soko lake. Kitaani kwetu Manzese huwezi kutaja rupia bila mtu kukuvuta pembeni. Atakuambia ina zebaki ndani, kuna mnunuzi yuko njiani kutoka nje, analipa mamilioni, kinachokosekana ni nauli tu ya kuifuata mkoani. Jirani yetu mmoja alitoa mtaji mzima wa genge lake kwa hadithi hiyo, akaletewa kipande cha chuma kilichochongwa, na genge halijafunguliwa mpaka leo. Heller ya kweli ni shaba ya kawaida. Haina zebaki, haivuti mchele, haizimi redio. Na kwa kuwa watu wameshaaminishwa hivyo, hata muuzaji mwaminifu anaanza na bei ya ndoto. Mimi niliambiwa elfu kumi na tano kwa heller moja iliyolika mpaka mwaka hausomeki. Hiyo ni miezi mitatu ya bajeti yangu kwa kitu nisichoweza hata kukisoma.

Kishawishi kingine ni vile visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa. Hapo sina ushauri wa bajeti, nina ushauri wa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na biashara ya vitu hivyo bila kibali inakupeleka pabaya. Ukitaka Kilwa, panda gari uende Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. (Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, watu bado wanabishana. Nimeichomeka tu kwa sababu siwezi kuacha kuisimulia.)

Halafu kuna Mwingereza. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1919, na shilingi yenye simba amesimama mbele ya milima ikaanza kupigwa mwaka 1921. Mpaka mwaka 1946 shilingi hiyo ilikuwa na robo ya fedha halisi ndani yake. Kuanzia 1948 fedha ikaondolewa kabisa. Ni seti nzuri, lakini ni ndefu: wafalme watatu na malkia mmoja, zaidi ya miaka arobaini, na alama tofauti za viwanda. Mwenye elfu tano kwa mwezi ataikusanya mpaka astaafu ualimu. Ningechukua moja tu, senti kumi au senti tano yenye tundu ya mwaka 1936 iliyoandikwa jina la Mfalme Edward wa Nane. Huyu alitawala chini ya mwaka mmoja, akaacha ufalme ili aoe. Kwao Uingereza hata pesa zenye sura yake hazikuwahi kuingia mitaani kama kawaida. Zetu zenye tundu hazikuwa na sura ya mtu yeyote, jina tu, kwa hiyo zikapigwa na kutumika. Bibi zetu walinunulia chumvi.

Sasa jibu langu. Chukua senti za 1966.

Mwaka huo Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kila moja na benki kuu yake, na Benki Kuu ya Tanzania ikatoa sarafu nne: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Upande mwingine ni Nyerere, na maneno "Rais wa Kwanza". Thamani imeandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1971 ikaongezwa shilingi tano, na mwaka 1977 senti kumi yenye pundamilia. Jumla ni sita. Hesabu tena: sita. Usianze kutafuta kila mwaka uliopigwa, tafuta aina moja moja. Seti ya aina sita inaisha, na ikishaisha unaweza kuanza kubadilisha iliyochakaa kwa iliyo safi zaidi, polepole, bila presha.

Sababu ya pili ni kwamba mzigo uko hapa hapa. Hizi ni pesa ambazo wazazi wa wazazi wetu walibaki nazo siku zilipokosa kazi. Ziko kwenye makopo ya maziwa, kwenye masanduku ya bati, kwenye vifungo vya kanga ambavyo havijafunguliwa tangu enzi za Mwinyi. Mimi nne nimezipata bila kuvuka barabara ya Morogoro. Mbili zilikuwa kwa fundi wa spika anayezitumia kama washa. Mbili nilipewa na bibi mmoja mtaa wa pili.

"Shikamoo bibi. Nasikia una senti za zamani."

"Marahaba mjukuu wangu. Ninazo, ila zimekufa hizo. Unataka kuzizika?"

Akanipa bure, kwa sharti nimsomee ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe. Nakushauri hata hivyo utoe kitu, hata buku moja ya sukari. Na usimfiche mwenye nayo kwamba unaikusanya. Mzee akija kusikia baadaye kwamba "sarafu zina soko", hutaingia tena kwenye nyumba hiyo.

Mambo machache ya mkononi. Beba sumaku, hata ya spika mbovu. Shilingi ya mwenge haivutwi. Shilingi za chuma zenye sura ya Mwinyi, zilizokuja kuanzia 1987, zinavutwa, na gizani muuzaji anaweza kuzichanganya. Angalia nywele za Nyerere. Zikiwa zimelala kabisa kama kipara, sarafu imechoka, shusha bei. Na tafadhali usisugue kwa ndimu wala majivu. Ile rangi ya kahawia kwenye senti tano ndiyo ngozi yake. Ukiing'arisha inapendeza siku mbili, halafu hakuna mkusanyaji atakayeitaka kubadilishana nawe. Maji, kitambaa laini, basi. Kwa kuhifadhi, nakunja vipande vya karatasi nyeupe, naandika aina, mwaka, nani kanipa na wapi. Hayo mawili ya mwisho watu huyaruka, na ndiyo yasiyoweza kununuliwa baadaye.

Kwa sisi wa ualimu kuna faida nyingine. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilizipitisha darasani, dawati hadi dawati, nikaacha wanafunzi waniambie wanachoona kabla sijasema lolote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya Azimio la Arusha na thamani ya shilingi. Mkono wa kwanza ukanyooshwa nyuma kabisa: "Mwalimu, kwa nini sungura ana hela nyingi kuliko mbuni?" Kipindi kizima kikaenda na sungura, na ndani yake tukafika kwenye nani huamua kinachochorwa kwenye pesa ya nchi, kwa nini mkoloni aliweka simba na pembe za ndovu, na kwa nini mwenge. Zilirudi zote. Nilizihesabu mlangoni.

Bado nakosa mbili, senti kumi ya pundamilia na shilingi tano. Hiyo ya mwisho wazee waliiita dala, na ndiyo inayotajwa kuwa chanzo cha jina la daladala, kwa kuwa nauli ilikuwa dala moja. Haiko mviringo kamili, ina pembepembe, utaitambua kwa kidole hata ndani ya mfuko. Nimeambiwa kuna konda mstaafu Midizini ana moja na hataki kuiuza. Jumamosi naenda kumsalimia tu.