Somo la Nne: Kuishi Toronto kwa Hesabu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo unafaa popote penye fedha na matumizi, lakini unafaa zaidi katika jiji kama Toronto, ambako mshahara huingia kila baada ya wiki mbili na pengine kutoka katika siku mbili. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wakazi wa jiji hilo wanaozungumza Kiswahili, wawe wametoka Goma, Bujumbura, Kigoma, Mombasa au kwingineko. Lengo letu si kumfundisha mtu mzima kubana matumizi, kwani wengi wenu mnalijua jambo hilo kuliko sisi. Lengo ni kuonyesha mahali ambapo fedha huvuja kwa sababu mteja hakuijua sheria au hakuisoma bei sawasawa.

Viwango vyote vilivyotajwa hapa ni vya mwaka 2025. Bei za mifano tumezitunga ili kurahisisha hesabu.

1. Tuanze na kinachoingia

Tangu Oktoba 1, 2025, kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Ontario ni dola 17.60 kwa saa. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hupata dola 704 kwa wiki, yaani takriban dola 3,050 kwa mwezi. Hiyo ni kabla ya makato ya kodi ya mapato, pensheni na bima ya ajira. Kosa la kwanza la bajeti nyingi ni kupanga matumizi kwa kutazama kiasi hicho cha juu. Panga kwa kiasi kinachofika benki, si kwa kiasi kilichotajwa siku ya kuajiriwa.

2. Pango la nyumba

Pango ndilo mzigo mkubwa kuliko yote, na ndipo kutojua sheria kunapogharimu zaidi. Tuchukue mfano wa familia inayolipa dola 1,800 kwa mwezi katika jengo la zamani. Mwenye nyumba anawaambia kwa mdomo kwamba kuanzia mwezi ujao pango litakuwa dola 2,000. Je, wakubali?

Sheria ya Ontario inasema hivi. Kwanza, pango haliwezi kupandishwa zaidi ya mara moja katika miezi 12. Pili, mpangaji lazima apewe taarifa ya maandishi siku 90 kabla ya nyongeza kuanza. Tatu, serikali ya jimbo hutangaza kila mwaka kiwango cha juu cha nyongeza, na kwa mwaka 2025 kiwango hicho ni asilimia 2.5. Kwa pango la dola 1,800, nyongeza halali haizidi dola 45. Pango jipya lingekuwa dola 1,845. Familia ikikubali dola 2,000, italipa dola 155 za ziada kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni dola 1,860.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba kiwango hicho hakizihusu nyumba zilizoanza kukaliwa baada ya Novemba 15, 2018. Katika nyumba hizo nyongeza haina kikomo cha kiasi, ingawa taarifa ya siku 90 na kipindi cha miezi 12 bado ni lazima. Vilevile, mwenye nyumba anaweza kuomba kibali cha kupandisha zaidi ya kiwango, lakini kibali hicho hutolewa na Baraza la Wenye Nyumba na Wapangaji, wala hajipi mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuhamia, uliza nyumba ilianza kukaliwa lini.

La pili ni zito zaidi. Nyongeza isiyo halali ikilipwa kimyakimya, na mpangaji asifikishe ombi mbele ya Baraza ndani ya mwaka mmoja tangu ilipoanza kutozwa, sheria huihesabu kuwa halali. Hapa ukimya haumletei mtu amani, humwondolea haki. Anayeona shaka aombe taarifa kwa maandishi, aendelee kulipa pango lake halali kwa wakati, atunze risiti zote, na atafute ushauri wa kisheria mapema.

Kuhusu amana, mwenye nyumba anaruhusiwa kudai pango la mwezi wa mwisho, na haruhusiwi kudai fedha za kufidia uharibifu utakaotokea baadaye. Amana ya ufunguo inaruhusiwa, mradi isizidi gharama halisi ya ufunguo na irudishwe mpangaji anapohama.

3. Sokoni na dukani

Bei iliyoandikwa kwenye rafu kwa kawaida si bei utakayolipa. Kodi ya mauzo ya Ontario, inayoandikwa HST kwenye risiti, ni asilimia 13 nayo huongezwa kwenye malipo. Hata hivyo, vyakula vya msingi kama mchele, unga, maziwa, mayai, mboga, matunda na nyama mbichi havitozwi kodi hiyo. Soda, peremende na vitafunio vya chumvi hutozwa. Kikapu cha dola 40 chenye vyakula vya msingi pekee hulipiwa dola 40. Kikapu cha bei hiyo hiyo chenye soda na vitafunio vya dola 15 hulipiwa dola 41.95.

Jambo la pili ni kulinganisha bei kwa kipimo, wala si kwa pakiti. Mfuko wa unga wa kilo 2 unaouzwa dola 5 una bei ya senti 25 kwa kila gramu 100. Mfuko wa kilo 10 unaouzwa dola 17 una bei ya senti 17 kwa gramu 100. Ontario haiwalazimishi wenye maduka kuandika bei ya kipimo, hivyo mara nyingine mteja atapiga hesabu mwenyewe kwa simu yake. Lakini mfuko mkubwa una faida kwa kinachodumu tu. Mchele na maharage makavu hukaa. Mboga za majani zilizooza ni hasara hata zikinunuliwa kwa nusu bei.

Jambo la tatu ni kutazama mashine inapopiga bei. Maduka mengi makubwa yamejiunga kwa hiari na kanuni ya usahihi wa bei. Chini ya kanuni hiyo, bei ya mashine ikizidi bei iliyotangazwa, bidhaa isiyozidi dola 10 hutolewa bure, na bidhaa inayozidi hapo hupunguzwa dola 10. Muulize mhudumu kwa upole kabla ya kuondoka. Kuuliza si ujinga.

4. Nauli

Nauli ya mtu mzima katika mabasi, tramu na treni za TTC ni dola 3.30 kwa kadi ya PRESTO. Malipo hayo hudumu saa mbili, na ndani ya muda huo abiria anaweza kushuka, kununua mahitaji na kupanda tena bila kulipa upya. Watoto wa miaka 12 na chini hawalipi. Tiketi ya mwezi ni dola 156. Ukigawanya 156 kwa 3.30 utaona kwamba tiketi hiyo humfaa anayelipa nauli mara 48 au zaidi kwa mwezi. Anayekwenda kazini siku 20, kwenda na kurudi, hulipa mara 40, yaani dola 132. Huyo asiinunue kwa mazoea. Wakazi wenye kipato cha chini wanaweza pia kuomba punguzo la nauli kutoka serikali ya jiji.

5. Mkopo wa siku ya mshahara

Mwezi ukiwa mrefu, wengi huingia katika maduka yanayokopesha hadi siku ya mshahara. Tangu Januari 1, 2025, ada ya mkopo huo haiwezi kuzidi dola 14 kwa kila dola 100. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini hutozwa kwa wiki mbili tu. Anayekopa dola 300 hurudisha dola 342. Akilipa kisha akakopa tena mara sita mfululizo, katika wiki 12 atakuwa amelipa ada ya dola 252, na bado mfuko wake utakuwa na lile pengo la dola 300.

Aliyekopa na kujuta anaweza kuuvunja mkataba ndani ya siku mbili za kazi bila kutoa sababu, mradi arudishe fedha alizopewa. Kabla ya kukopa, zungumza kwanza na unayemdai muda, hasa kampuni ya umeme au ya simu, na uombe kulipa kwa awamu. Nambari 211 huelekeza mkazi kwenye huduma za jamii, na msaada wa mkalimani hupatikana.

6. Fedha ambazo ni zako

Wasilisha taarifa ya kodi ya mapato kila mwaka, hata kama hukupata kipato chochote. Posho ya watoto na marejesho ya kodi ya mauzo hukokotolewa kutokana na taarifa hiyo. Familia isiyoiwasilisha hukatizwa posho, nayo huumia mwezi ule ule pango linapodaiwa.

Maswali ya kujipima

(a) Mpangaji wa jengo lililokaliwa tangu 1985 analipa dola 1,600. Hakuna kibali chochote cha Baraza. Anatakiwa kulipa dola 1,700 mwaka 2025. Ni kiasi gani kinazidi sheria kwa mwaka mzima?

(b) Mtu akikopa dola 500 hadi siku ya mshahara, atarudisha kiasi gani kwa ada ya juu kabisa?

(c) Abiria anayelipa nauli mara 50 kwa mwezi anunue tiketi ya mwezi au la?

Majibu: (a) Pango halali ni dola 1,640, ziada ni dola 60 kwa mwezi, dola 720 kwa mwaka. (b) Dola 570. (c) Anunue, kwani nauli zake zingefika dola 165.

Kabla ya kuingia katika somo la tano, chukua daftari na uandike matumizi yako ya siku 30, hata yale ya kikombe cha kahawa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba hizo hizo ndizo zinazokitoboa.